Franco, Babu na Daftari la Waliotutoka

Tulipoambiwa na mlezi wa chama tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, wenzangu wengi walimkimbilia Shaaban Robert na wengine Siti binti Saad. Sikuwalaumu, hao ni wetu. Lakini mimi nimemchagua mpiga gitaa aliyeimba kwa Kilingala, na aliyenitia hamu hiyo ni babu yangu mzaa mama.

Babu alikuwa fundi wa redio mjini Kisumu. Siku hizi macho hayamruhusu kushika chuma cha kulehemu, lakini santuri zake zingali zimepangwa ukutani, na juu ya kabati lipo daftari moja la jalada gumu ambalo sisi wajukuu tulikatazwa kuligusa. Tulidhani ni la madeni. Kumbe wapi! Ndani yake babu ameandika majina ya wanamuziki wa bendi ya O.K. Jazz, mmoja mmoja, na kila anayefariki humpigia mstari kwa kalamu nyekundu, kisha akaandika tarehe. Pembeni kuna safu nyembamba ya sababu: ajali, moyo, uzee. Jina la kwanza kabisa katika daftari hilo ni Franco.

Jina lake hasa ni François Luambo Makiadi. Alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 katika mji mdogo wa Sona-Bata, nchini Kongo, wakati Wabelgiji wakitawala. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Familia ilihamia Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, na huko baba akafariki Franco akiwa mtoto wa miaka kumi hivi. Masomo yakaishia hapo. Mama yake akabaki na mzigo wa kulea watoto, akawa anauza mandazi sokoni Ngiri-Ngiri. Na mtoto naye, badala ya kukaa bure, akawa anapiga muziki karibu na meza ya mama ili wateja wasimame. Gitaa lake la kwanza alijiundia mwenyewe, kopo la bati na nyaya za umeme zilizochunwa. Babu hupenda sana sehemu hiyo. Yeye aliye fundi anajua waya kama ule hutoa sauti gani, na husema sauti hiyo ni afadhali ya paka kidogo tu.

Aliyemfundisha gitaa la kweli ni Paul Ebengo, maarufu kwa jina la Dewayon. Mnamo 1953, akiwa na miaka 15, studio ya Loningisa ikamwandika kazi. Miaka mitatu baadaye, Juni 1956, yeye na wenzake wakaanzisha O.K. Jazz, jina walilolitoa kwenye baa ya O.K. waliyokuwa wakipigia muziki, mali ya mtu aitwaye Oscar Kashama. Hakuwa hata na miaka 18 kamili! Wengine wetu tungali kidato cha tatu tukiwa na umri huo, tukiomba nauli.

Sitaki kukuchosha kwa kila santuri aliyoitoa, maana ni mamia kwa mamia. Itoshe kusema kwamba watu walimwita mchawi wa gitaa, na bendi yake ikakua hadi miaka ya 1980 ikaweza kugawanyika mara mbili, kundi moja likipiga Afrika na jingine Ulaya kwa wakati mmoja. Alikuwa na matatizo yake pia. Mwaka 1970 ndugu yake mdogo, Bavon Marie-Marie, mpiga gitaa hodari naye, alikufa katika ajali ya gari, na Franco akaacha muziki kwa muda kwa uchungu. Mwaka 1978 alitiwa gerezani kwa nyimbo zilizosemwa kuwa za matusi. Tena alimwimbia sifa Mobutu, jambo ambalo watu wengi hawakulipenda, na mimi mwenyewe silipendi. Babu huniambia nisimhukumu mtu aliyeishi karibu na simba kwa jinsi alivyomsalimu.

Mwaka 1985 ukatoka wimbo wa Mario, alioimba na Madilu System, habari za kijana mwenye elimu anayelishwa na mama mwenye umri mkubwa. Hapa Kenya hata wasiojua neno moja la Kilingala waliufahamu. Babu anasema kila redio iliyoletwa kwake kutengenezwa mwaka huo, akiiwasha tu, ni Mario.

Franco alikuwa mtu mnene, pande la mtu. Kwa hiyo alipoanza kukonda, habari zilisafiri kuliko santuri. Mwaka 1987 alikuwa ametoa wimbo mrefu wa kutahadharisha watu juu ya UKIMWI, unaoitwa Attention na SIDA. Sehemu kubwa aliisema kwa Kifaransa, akigeukia kundi baada ya kundi, vijana, walimu, madaktari, viongozi wa dini na serikali, akiwahimiza kila mmoja afanye lililo lake. Wakati huo serikali nyingi za Afrika zilikuwa zikilitaja gonjwa hilo kwa kunong'ona, kama zililitaja. Sasa mwimbaji mwenyewe alipoonekana amepungua, ndimi zikaanza. Huku Kisumu, babu anasimulia, kila mteja alikuja na Franco wake: huyu amesikia amekufa Ulaya, yule amesikia amepona, mwingine ati amerogwa na mpinzani. Amekufa mara ngapi sijui kabla ya kufa. Babu alikuwa akizima redio ya mteja na kumrudishia bila kuitengeneza, hasira tu.

Mwaka 1989 ikaja santuri aliyopiga na Sam Mangwana. Babu aliinunua, akaitazama picha ya jalada, akaigeuza upande wa pili kabla ya kuiweka kwenye gramafoni. Mtu aliyepigwa picha alikuwa Franco, lakini nyama zilikuwa zimekwenda. Septemba ya mwaka huo alipanda jukwaani mara ya mwisho, mjini Amsterdam, na hakuweza kupiga kwa muda mrefu. Alhamisi, tarehe 12 Oktoba 1989, akaaga dunia hospitalini Namur, Ubelgiji, akiwa na miaka 51.

Nchini kwake, Zaire kama ilivyoitwa, serikali ilitangaza siku nne za maombolezo na redio ikapiga nyimbo zake tu. Alizikwa tarehe 17 katika makaburi ya Gombe, Kinshasa. Nyumbani kwetu ilikuwa kati ya Moi Dei na Kenyatta Dei, na babu anakumbuka kwamba hakufungua duka siku mbili.

Ugonjwa wake mwenyewe Franco hakuutangaza kamwe. Ndiyo maana ile safu ya sababu, mbele ya jina lake, babu ameiacha tupu. Nilipolifungua daftari hilo kwa ruhusa likizo ya Agosti, nilizisoma zile nyingine: Madilu 2007, Ndombe Opetum 2012, Simaro Lutumba 2019, Josky Kiambukuta 2021, Verckys 2022. Kisha, kati ya wanamuziki hao, nikakuta jina ambalo halikuwa la mwanamuziki. Lilikuwa la mdogo wake babu, yule ambaye picha yake iko sebuleni, amevaa suruali pana chini. Alifariki mwaka 1994. Safu yake ya sababu nayo ni tupu.

Nyumbani sijawahi kusikia aliugua nini. Nikiuliza, mama hunituma dukani.

Basi nikafanya jambo moja. Niliuchukua wimbo ule wa 1987, nikamletea mwalimu wetu wa Kifaransa, akanisaidia kuutafsiri kwa Kiswahili, kurasa nne za karatasi ya mtihani. Likizo ya Desemba nikamsomea babu. Miaka zaidi ya 30 alikuwa ameisikiliza ile santuri bila kujua inasema nini, akipenda gitaa lake tu. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipofika mwisho, aliniomba nirudie pale anapowasemesha jamaa za wagonjwa. Nikarudia. Akaniuliza kama mdogo wake angeweza kuyaelewa hayo wakati ule, nikamjibu kwamba yalikuwa kwa Kifaransa. Akatikisa kichwa.

Baadaye alinituma nikalete daftari na kalamu, si ile nyekundu. Akalifungua kwenye ukurasa wa 1994, akalisogeza karibu na macho, akakaa nalo hivyo mpaka chai ikapoa. Nilipoondoka kurudi shule hakuwa ameandika kitu. Lakini daftari hakulirudisha juu ya kabati, lilikuwa mezani, na kalamu imo katikati yake.