Octavia Hill: Dada Aliyewatafutia Maskini Mahali pa Kupumulia

Leo hatuna mtakatifu wa kwenye kalenda. Octavia Hill hakuwa hata Mkatoliki, alikuwa Mwanglikana wa Uingereza, lakini ukishamfahamu nadhani utampenda tu.

Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1838 huko Wisbech. Baba yake, mfanyabiashara wa nafaka, alifilisika binti angali mdogo sana, kisha akaugua akili. Mama akabaki na mzigo wote wa kulea. Octavia alipofika umri wa miaka 14 hivi alikuwa tayari kazini London, akisimamia watoto maskini waliotengeneza vyombo vidogo vya nyumba za midoli. Alikuwa akiwatembelea majumbani kwao, na huko ndiko alikojionea: familia nzima chumba kimoja, giza, uvundo, hakuna hata kijiuwanja cha mtoto kukimbia.

Mwaka 1865 mwandishi John Ruskin alinunua nyumba tatu chakavu mahali palipoitwa Paradise Place, yaani Paradiso (jina hilo wapangaji walilionaje, sijui!), akamkabidhi azitunze. Wengi humkumbuka kwa kazi hiyo ya nyumba. Mimi nataka tuongelee ardhi.

Mwaka 1875 kulikuwa na mashamba ya Swiss Cottage, sehemu ya kijani ambayo watu wa mitaa yake waliweza kuifikia kwa miguu. Wajenzi wakayataka. Octavia akaandika barua kila upande, akachangisha maelfu ya pauni kwa muda mfupi, na mwishowe wenye ardhi wakageuka. Majumba yakajengwa. Alishindwa, basi! Hebu fikiria ulivyochoka baada ya mchango wa parokia uliogoma, halafu zidisha mara mia.

Mwaka uliofuata yeye na dada yake Miranda walianzisha Kyrle Society, chama cha watu wa kujitolea. London ilikuwa na makaburi ya zamani yaliyofungwa, yasiyozikwa mtu tena, yamebaki na kufuli getini na takataka ndani. Wao waliyaona kama bustani ambazo bado hazijalimwa. Wakaomba ruhusa, wakachangisha, wakapanda miti na maua, wakaweka mabenchi ili mama aliyechoka akae nje na mtoto wake. Baadaye alikuwa pia miongoni mwa waliopigania Parliament Hill, iliyookolewa mwaka 1889.

Kazi ninayoipenda zaidi ni Red Cross Garden, mtaa wa Southwark. Kiwanja kilikuwa cha kiwanda cha karatasi kilichoungua. Mabaki yalikuwa yamerundikana kiasi kwamba ilibidi yachomwe palepale kwa majuma kadhaa kabla hata ya kufikiria kupanda kitu. Ilipofunguliwa mwaka 1887 ilikuwa na kidimbwi, njia za kutembea na jukwaa la wanamuziki, katikati ya moshi wa viwanda.

Mwaka 1895 yeye, Robert Hunter na padre wa Kianglikana Hardwicke Rawnsley wakaanzisha National Trust, inayotunza ardhi na majengo ya kale hadi leo. Hakuwa malaika, lakini. Kwenye kodi ya nyumba alikuwa mkali kwelikweli, na alipinga wanawake wasipewe kura, jambo ambalo mimi binafsi linanishinda kulielewa.

Alifariki tarehe 13 Agosti 1912. Angeweza kuzikwa Westminster Abbey pamoja na wakubwa, ila alikuwa ameshasema anataka Crockham Hill, kijijini, karibu na Miranda.

Ile bustani ya Southwark ilikuja kupoteza sura yake, ikabaki nyasi tupu, hadi iliporudishwa katika mpangilio wake wa awali mwaka 2006. Wanaoipalilia siku hizi ni watu wa kujitolea, wengine wakaazi wa mtaa huohuo.