Wyville Thomson, Mtu Aliyefichua Uhai wa Vilindini

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kusikia habari za mabaharia waliotafuta nchi mpya ng'ambo ya bahari. Leo tunapenda kusimulia maisha ya mtu ambaye hakutafuta nchi, bali alitaka kujua yaliyomo chini ya bahari yenyewe. Huyo ni Charles Wyville Thomson.

Alizaliwa mwaka 1830 huko Bonsyde, karibu na mji wa Linlithgow, Scotland. Alianza kusomea uganga katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, lakini afya yake ilikuwa dhaifu, akayaacha masomo hayo na kushika elimu ya mimea na wanyama. Alifundisha Aberdeen, kisha Cork na Belfast, na mwaka 1870 akarudi Edinburgh akiwa profesa.

Katika ujana wake, wataalamu wengi waliamini kwamba vilindini hakuna uhai. Imani hiyo ilitokana na kazi ya Edward Forbes, bingwa aliyeheshimiwa sana. Mwaka 1841 na 1842 Forbes alikwangua sakafu ya Bahari ya Aegean, akaigawa bahari hiyo katika kanda nane kwa kadiri ya kina. Aliona kuwa kadiri kina kilivyozidi ndivyo viumbe walivyopungua, akakisia kwamba chini ya pima 300, yaani mita 550 hivi, hawapo kabisa. Kisio hilo halikuwa la kipuuzi. Mwanga wa jua hufifia mno baada ya mita 200, na kupita mita 1,000 ni giza totoro. Maji huko ni ya baridi kali, na uzito wake ungemponda mwanadamu mara moja.

Thomson aliingiwa na shaka alipokwenda Norway. Huko mtaalamu Michael Sars alimwonyesha mnyama mwenye kikonyo mithili ya ua, jamaa wa kiti cha pweza, aliyetolewa katika kina cha pima 300 hivi. Thomson na rafiki yake William Carpenter wakafanya jitihada hadi serikali ya Uingereza ikawapa meli. Mwaka 1868 walitumia meli kuukuu iitwayo Lightning, na mwaka uliofuata Porcupine. Mwezi Julai 1869, magharibi ya Ufaransa, Thomson alishusha chombo cha kukwangulia hadi pima 2,435, zaidi ya mita 4,400. Kilipopandishwa, kilikuwa na tope lenye viumbe. Kisio la Forbes likawa limevunjika.

Ndipo ilipokuja safari kubwa. Manowari Challenger iliondolewa karibu mizinga yake yote, zikawekwa maabara, kamba na nyavu. Iling'oa nanga Desemba 1872, Thomson akiwa mkuu wa wataalamu, ikarudi Mei 1876 baada ya kwenda zaidi ya kilomita 127,000. Ilipita Cape Town, ikafika kwenye barafu ya kusini, ikavuka Pasifiki. Kazi ilikuwa ile ile kila siku: kushusha kamba kwa saa nyingi na kuipandisha tena. Makumi ya mabaharia walitoroka njiani, na mtaalamu kijana, Rudolf von Willemoes-Suhm, alifia baharini. Lakini walipima kina cha mita 8,184 karibu na visiwa vya Mariana, na wakapata aina takriban 4,700 za viumbe ambao elimu ilikuwa haijawajua.

Thomson alitunukiwa heshima kubwa, lakini hakupata raha. Kazi ya kuandika matokeo ya safari ilikuwa nzito, na wakuu wa hazina walimsonga kwa sababu ya gharama. Afya yake ikavunjika, akapooza, akaiacha kazi. Alifariki mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 52. Mwenzake John Murray aliikamilisha mwaka 1895, nayo ikafika vitabu 50.

Kuna jambo moja zaidi. Februari 1873, kusini-magharibi ya visiwa vya Canary, Challenger iliopoa vibonge vyeusi vya madini kutoka sakafu ya bahari. Wakati ule vilikuwa vitu vya kushangaza tu. Leo tunajua kwamba vibonge vya namna hiyo vina manganisi, nikeli, shaba na kobalti, na mataifa yenye nguvu yanavitamani. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 ulitamka kwamba mali iliyo katika sakafu ya bahari nje ya mipaka ya nchi ni urithi wa wanadamu wote, hata wa nchi zisizo na pwani.

Lakini kibonge kimoja huchukua mamilioni ya miaka kukua, na juu yake na kandokando yake huishi wale wale viumbe ambao Thomson aliwatetea. Kama dunia ingebaki na imani ya zamani, vilindi vingechimbwa kama jangwa tupu, wala pasingekuwa na mtu wa kuuliza kinachoangamia. Leo tunaweza kuuliza. Huo ndio urithi aliotuachia Thomson, na hatuna budi kuutumia kabla mashine hazijashuka.