Kardinali Lavigerie na Mapatano ya Mataifa

Biashara ya watu haijapata kuwa kazi ya nchi moja. Yuko anayekamata, yuko anayesafirisha, yuko anayenunua. Na mara nyingi hao watatu wamo chini ya serikali tatu mbalimbali. Kwa hiyo nchi moja ikifunga mlango wake, mhalifu hupitia mlango wa jirani. Aliyelitambua jambo hilo na kulitangaza mbele ya wakubwa wa Ulaya mpaka wakamsikiliza ni Kardinali Charles Lavigerie. Yafaa familia zetu ziyajue maisha yake.

Alizaliwa karibu na mji wa Bayonne, kusini-magharibi mwa Ufaransa, tarehe 31 Oktoba 1825. Alipata upadre mwaka 1849, akafundisha historia ya Kanisa katika chuo kikuu cha Sorbonne, mjini Paris. Huenda angalimaliza siku zake kati ya vitabu. Lakini mwaka 1860 Wakristo wengi waliuawa Lebanoni na Shamu, naye akaenda kuwapelekea waliosalia msaada uliochangwa Ulaya. Huko Dameski alionana na Amiri Abd el-Kader, Mwislamu aliyewaokoa maelfu ya Wakristo kwa kuwapa hifadhi.

Mwaka 1863 alifanywa Askofu wa Nancy, na mwaka 1867 akapelekwa kuwa Askofu Mkuu wa Algiers. Hakukaa sana, nchi ikaingiwa na njaa na kipindupindu, naye akawakusanya watoto yatima zaidi ya 1,000. Mwaka 1868 alianzisha Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Mapadre Weupe, na mwaka 1869 shirika la masista.

Wamisionari wake wa kwanza walifika pwani yetu mwaka 1878, wakashika njia ya Tabora. Mwaka uliofuata walikuwa wamekwisha kufika Ujiji na Uganda. Njia hiyo ndiyo iliyopitwa na misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Barua zao zilimweleza mkubwa wao habari za vijiji vilivyochomwa moto, watu waliofungwa minyororo, na wadhaifu walioachwa njiani wafe.

Lavigerie alipewa ukardinali mwaka 1882. Mwezi wa Mei 1888 Papa Leo wa XIII, ambaye siku zile zile alikuwa amewaandikia maaskofu wa Brazili juu ya kukomesha utumwa, alimkabidhi kazi ya kuwatetea watumwa wa Afrika. Kardinali alikuwa na umri wa miaka 62. Tarehe 1 Julai alihubiri Paris, tarehe 31 Julai alihutubia London, na tarehe 15 Agosti alihubiri Brussels. Vyama vya kupinga utumwa vikaanzishwa katika nchi kadhaa. Alitaka hata vijana wajitolee kuwalinda wanyonge kwa silaha, kama alivyokuwa akifanya Kapteni Léopold Joubert kando ya Ziwa Tanganyika. Lakini shauri hilo halikupendwa na wengi.

Lililozaa matunda zaidi ni sauti ya watu. Tarehe 18 Novemba 1889 wajumbe wa mataifa 17 walikutana Brussels. Walikuwamo Waingereza, Wafaransa na Wajerumani, lakini pia Waturuki, Waajemi, Wamarekani na wajumbe wa Sultani wa Unguja. Tarehe 2 Julai 1890 ulitiwa sahihi Mkataba Mkuu wenye vifungu 100. Ulizuia bunduki na baruti zisiingizwe ovyo Afrika, maana bila hizo mtekaji hakuwa na nguvu. Ulitoa amri juu ya kupekua majahazi na kuchunguza bendera zake. Ofisi ya mataifa yote iliwekwa Unguja ili habari za wahalifu zikusanywe mahali pamoja.

Hata hivyo, mapatano hayo yalikuwa na kasoro mbili, nasi tusizifiche. Kwanza, Bunge la Ufaransa, nchi yake Kardinali mwenyewe, lilikataa vifungu vya kupekua vyombo kwa kuhofia manowari za Waingereza. Ugomvi juu ya majahazi ya Omani yaliyopeperusha bendera ya Ufaransa uliendelea hata ukaamuliwa The Hague mwaka 1905. Pili, wako watawala walioufanya utetezi wa mtumwa kuwa kisingizio cha kunyakua nchi. Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyekuwa mwenyeji wa mkutano ule, aliruhusiwa kutoza ushuru katika Kongo. Na huko Kongo watu waliteswa vikali kwa ajili ya mpira. Mapatano bila usimamizi wa haki humwachia mwenye nguvu atende apendavyo.

Kardinali Lavigerie alifariki Algiers tarehe 26 Novemba 1892. Kati ya watu walioikamilisha kazi yake alikuwa Adrien Atiman, aliyetekwa akiwa mtoto huko karibu na Timbuktu, akakombolewa na wamisionari, akasomea uganga Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akawatibu wagonjwa wa huko hata alipofariki mwaka 1956. Kila mtoto anayeuzwa angaliweza kuwa mtu kama huyo.

Misafara ya minyororo imekwisha, lakini wafanya biashara ya watu wangalipo. Siku hizi hawaji na bunduki. Huja na ahadi ya kazi nzuri ng'ambo, kisha hati ya kusafiria hunyang'anywa na mshahara hauonekani. Umoja wa Mataifa ulitoa itifaki juu ya uovu huo mwaka 2000. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2008, Kenya mwaka 2010. Sheria zipo, lakini serikali haiwezi kumwokoa mtu ambaye haijui habari zake. Basi wazazi, kabla ya kumruhusu kijana aondoke, ulizeni jina la anayemchukua, mkataba wa kazi, na mahali atakapokaa. Na pakiwa na shaka, pelekeni habari polisi mapema, wala msione haya. Mikutano ya wakubwa ilianza kwa watu wa kawaida kukataa kunyamaza.