Svante Arrhenius, mutu aliyefuata chumvi ndani ya maji

Mama wa Fataki anatia makayabo ndani ya maji usiku. Asubui anaonja yale maji: chumvi imetoka ndani ya samaki, imeingia ndani ya maji. Lakini kwa macho hauone chumvi hata moja. Imeenda wapi? Jibu ambalo watoto wetu wanafundishwa mpaka leo kwenye masomo lilitolewa na mutu wa Uswidi, Svante Arrhenius. Sisi tunaoishi kwa kuosha zahabu, jibu lake linatugusa kupita wengine.

Arrhenius alizaliwa tarehe 19 mwezi wa pili 1859 pale Vik, karibu na muji wa Uppsala. Baba yake alikuwa mupima udongo, akiangalia mashamba ya iniversite. Watu wanaeleza kwamba mutoto alijifundisha kusoma akiwa na miaka 3, na hesabu aliijua kwa kuangalia vitabu vya kazi vya baba yake. Katika 1876 aliingia iniversite ya Uppsala. Lakini namna walimu wa kule walifundisha haikumupendeza, na katika 1881 alienda Stockholm kufanya kazi kwa profesere Erik Edlund.

Kule alianza kupima umeme ndani ya maji. Jambo moja lilijulikana zamani: maji safi kabisa hayapitishe umeme ila kidogo sana. Chumvi kavu nayo haiupitishe. Lakini tia chumvi ndani ya maji, umeme unapita. Tia sukari, haupite. Sababu ni nini?

Wengi waliwaza kwamba umeme wenyewe njo unapasua chumvi. Arrhenius alisema hapana. Chumvi inagawanyika yenyewe wakati inayeyuka, mbele hata umeme haujafika. Inakuwa vipande vidogo sana, vingine viko na chaji ya kujumlisha, vingine chaji ya kutoa. Vinaitwa iyoni, na njo vinabeba umeme. Sukari inayeyuka pia, lakini chembe zake zinabaki nzima, bila chaji, kwa hiyo umeme unakosa mubebaji.

Katika 1884 alipeleka kazi yake kwa walimu wa Uppsala ili apate doktora. Hawakuipenda. Kwao, kusema kwamba chumvi ngumu inagawanyika yenyewe ndani ya kopo ya maji kulikuwa mambo ya ajabu. Walimupa alama ya chini sana, na kwa alama ile njia ya kuwa profesere ilikuwa karibu kufungwa. Arrhenius hakukaa kulia. Alituma kitabu chake inje, kwa wenye elimu wa inchi zingine. Mumoja wao, Wilhelm Ostwald, alitoka Riga mpaka Uppsala kumuona, akamupa kazi kwake. Arrhenius hakuweza kwenda mara moja juu ya baba yake aliyekuwa mugonjwa. Mzee alikufa katika 1885. Nyuma alisafiri, akafanya kazi Riga, Würzburg, Graz na Amsterdam, na katika 1887 alitoa wazo lake likiwa kamili.

Miaka 16 nyuma, katika 1903, mutu yule wa alama ya chini alipewa Prix Nobel ya kemia, Muswidi wa kwanza kupata Nobel. Mwaka ule ule wa 1903, hapa kwetu Ituri, Wazungu wawili kutoka Australia, Hannam na O'Brien, waliona zahabu ndani ya muto karibu na Kilo. Hakuna aliyejua kwamba mambo haya mawili yatakutana siku moja.

Yanakutana namna gani? Wenye elimu waliokuja nyuma yake walieleza kazi ya maji yenyewe. Chembe moja ya maji iko na hidrojeni 2 na oksijeni 1. Upande wa oksijeni uko na chaji kidogo ya kutoa, upande wa hidrojeni chaji kidogo ya kujumlisha. Kwa hiyo maji yanazunguka iyoni za chumvi pande zote na kuzivuta moja moja, mpaka jiwe la chumvi linaisha. Mafuta hayana chaji ya namna ile, njo maana hayachanganyike na maji.

Zahabu nayo haiyeyuke ndani ya maji. Njo sababu tunaweza kuiosha kwenye karai: muchanga unaenda, na zahabu, yenye uzito mara 19 kupita maji, inabaki chini. Lakini katika 1887, mwaka ule ule wa Arrhenius, John Stewart MacArthur na ndugu wawili Forrest walionyesha pale Glasgow kwamba maji yenye sianuri kidogo, na hewa ndani yake, yanaweza kuyeyusha zahabu. Njia ile inatumika leo katika migodi mingi ya dunia.

Hapa njo somo la Arrhenius linaingia nyumbani. Kitu kilichoyeyuka hakikupotea. Jaribu mwenyewe: tia chumvi ndani ya maji, yapitishe kwenye kitambaa safi, onja. Chumvi ingali pale. Yachemshe mpaka yabaki nusu, onja tena. Chumvi imezidi. Kuchemsha kunaua vidudu vya kipindupindu, na ni vizuri kuendelea. Lakini hakuondoe vitu vyote vilivyoyeyuka, na maji yenye sianuri yakichemshwa yanaweza kutoa hewa ya sumu. Zebaki, ile tunaita merikire, haiyeyuke hivyo. Inazama ndani ya matope, na kule vidudu vidogo vinaigeuza sumu nyingine inayoingia ndani ya samaki, kisha kwa mama mwenye mimba na mutoto tumboni.

Kwa hiyo tusiseme maji haya ni meupe, tunywe. Tuchote juu ya machimbo, hapana chini yake. Beseni ya kuchanganyia merikire ao sianuri isirudi jikoni hata siku moja, na maji yake yasimwagwe kwenye muto.

Arrhenius alifanya mengi mengine. Katika 1896 alihesabu namna moshi wa makaa unaweza kuongeza joto la dunia. Alikufa Stockholm tarehe 2 mwezi wa kumi 1927, akazikwa Uppsala, muji ule ule ambao walimu wake walimupa alama ya chini.