Si Mahmoud: Mwanamke wa Geneva Aliyevaa Joho la Kiume

Wasomaji wa ukurasa huu wamekwisha zoea kusomewa habari za masheikh, malenga na manahodha wa pwani yetu. Leo naomba ruhusa niwaletee habari za mtu wa mbali, ambaye nimemfikiria kwa miaka mingi bila ya moyo wangu kutulia juu yake. Jina alilozaliwa nalo ni Isabelle Eberhardt. Jina alilojichagulia ni Si Mahmoud Saadi. Alizaliwa mwanamke mjini Geneva, Uswisi, tarehe 17 Februari 1877, na akafa katika nchi ya Algeria tarehe 21 Oktoba 1904, akiwa Mwislamu na akiwa mke wa mtu. Umri wake ulikuwa miaka 27 tu, na sehemu kubwa ya umri huo aliipitisha ndani ya nguo za kiume.

Najua wako watakaokunja uso kabla ya kuendelea kusoma, na sitawalaumu. Hadithi iliyopokewa na Ibn Abbas na kuhifadhiwa na Imamu Bukhari inajulikana na kila aliyepita chuoni: Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwalaani wanaume wanaojifananisha na wanawake na wanawake wanaojifananisha na wanaume. Mimi ni mwanamke niliyekulia ndani ya buibui, sina ilimu ya kuifasiri hadithi hiyo wala sina nia ya kuipunguza. Ninachotaka ni kueleza jinsi mtu mmoja alivyoishi, na kwa nini kila nikimsoma huona haya kidogo na wivu kidogo, kwa pamoja.

Nyumba aliyozaliwa haikuwa nyumba ya kawaida. Mamake, Nathalie, alikuwa mke wa jenerali wa Kirusi; akamwacha mumewe akaenda Uswisi pamoja na mwalimu wa watoto wake, Alexandre Trophimowsky, aliyekuwa padri kisha akaikana dini na serikali zote. Isabelle akaandikwa katika daftari kuwa ni mtoto asiye na baba. Watu wengi wanaamini kwamba babake alikuwa yule mwalimu, lakini mwalimu mwenyewe hakukiri. Sisi tunaojua uzito wa nasaba tutafahamu mara moja ni jeraha gani hilo.

Trophimowsky hakuona tofauti baina ya mtoto wa kike na wa kiume. Alimkata nywele, akamvisha suruali, akampa kazi za shamba, kupasua kuni na kupanda farasi. Jioni alimfundisha lugha: Kirusi, Kifaransa, Kijerumani, Kilatini, na Kiarabu pia. Kwa hiyo nguo za kiume hazikuwa kitu alichokivumbua ukubwani ili kuwashangaza watu. Zilikuwa nguo zake tangu utotoni, na nguo alizozitolea jasho. Alipoanza kuchapisha hadithi zake mwaka 1895, akiwa na miaka 18, hata hapo alitia jina la mwanamume.

Mwezi wa Mei 1897 Isabelle na mamake walivuka bahari wakafika Bône, mji ambao leo unaitwa Annaba. Algeria ilikuwa chini ya Wafaransa tangu 1830, na Wazungu wa hapo walikuwa na mitaa yao na Waarabu mitaa yao. Mama na binti walikwenda kukaa upande wa Waarabu, jambo ambalo Wazungu hawakulisahau. Wote wawili wakasilimu. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo mama akafariki, akazikwa katika makaburi ya Waislamu kwa jina la Fatma Manoubia. Mwaka 1898 kaka yake mmoja akajiua, na mwaka 1899 Trophimowsky naye akafa. Isabelle akabaki na ndugu mmoja tu wa karibu, Augustin, na ulimwengu mzima mbele yake.

Hapo ndipo Si Mahmoud alipozaliwa. Hilo Si ni kifupisho cha Sidi, kama tunavyosema sisi Bwana au Sayyid. Alinyoa kichwa kama wanaume wa huko, akafunga kilemba, akavaa kanzu na juu yake burnusi, lile joho la sufi nyeupe lenye kofia ya kufunikia kichwa, na akajieleza kuwa ni kijana mwanafunzi kutoka Tunisi, anayezunguka zawiya kwa zawiya kutafuta ilimu. Haja ya jambo hili si ngumu kuiona. Mwanamke wa Kizungu asingeweza kulala katika kambi ya wachunga ngamia. Mwanamke wa Kiarabu asingeweza kusafiri peke yake kwa farasi wiki nzima. Kijana mtafuta ilimu aliweza yote mawili, na kila mlango alioupigia hodi ulimkaribisha, kwani mtafuta ilimu ni mgeni wa Mungu.

Lakini je, wenyeji walidanganyika? Hapa ndipo penye kiini cha mambo yangu. Wengi hawakudanganyika. Watu wa jangwani wana macho, na sauti na mikono ya mtu husema. Walijua, nao wakamwita Si Mahmoud. Alijileta kwao kwa jina hilo, akasali nao, akala nao katika sinia moja, na adabu haimruhusu mwenyeji kumvua mgeni sitara aliyokuja nayo. Adabu hiyo tunaijua hapa pwani vizuri sana. Ni mambo mangapi ya majirani zetu tunayajua toka utotoni, na hatujapata kuyatamka?

Lazima niseme kwamba mwanamke kuvaa kiume si kitu kigeni kwetu kama tunavyojidai. Nani kati yetu wanawake hajaona, siku za harusi, nyuma ya pazia ambako wanaume hawaingii, mama mmoja mcheshi amevaa kanzu na kofia ya mumewe, ameshika bakora, anatembea kwa maringo kama bwana harusi au kama kadhi, na ukumbi mzima unaanguka kwa kicheko? Hayo ni maigizo, na kila mtu anajua kwamba kesho asubuhi kanzu itafuliwa irudishwe kabatini. Mimi hucheka kama wengine. Na nikicheka huona kuwa tunachokicheka si yule mama. Tunawacheka wanaume, namna wanavyobeba mabega yao kana kwamba wamezaliwa nayo vile. Si Mahmoud hakuwa katika mchezo wa namna hiyo. Kanzu yake haikurudi kabatini.

Linalofanana naye zaidi, kwa fikira yangu, ni jambo jingine la historia yetu. Katika siku za utumwa nguo ilikuwa amri. Mtumwa hakuachiwa kuvaa kofia na viatu kama muungwana, na mjakazi hakuachiwa kujifunika kama bibi yake. Utumwa ulipopigwa marufuku, Unguja mwaka 1897 na hapa Mombasa mwaka 1907, watu walikimbilia nguo kabla ya kukimbilia kitu kingine. Wanawake waliokuwa wajakazi wakavaa kanga, wakajitanda, kisha wakavaa buibui, na waungwana wengine wakanuna kwa kuwa njiani haikujulikana tena nani ni nani. Walivaa ambacho walikuwa wamekatazwa, na hawakumdanganya mtu. Walikuwa wanadai heshima. Nikimtazama Isabelle katika picha zake, na burnusi na tasbihi, naona dai la jinsi hiyo.

Mwezi wa Agosti mwaka 1900 alifika El Oued, mji wa kuba nyingi katikati ya mchanga. Huko alipata vitu viwili: mume na tarika. Mume alikuwa Slimane Ehnni, askari Mwislamu katika kikosi cha farasi cha Wafaransa. Waliishi pamoja kabla ya jeshi kuwapa ruhusa ya kuoana, na sitaificha habari hiyo. Tarika ilikuwa Kadiria, ileile ambayo katika miaka hiyohiyo Sheikh Uways wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, alikuwa akiieneza hadi Unguja na pwani yetu. Masheikh wa Kadiria wa El Oued walimpokea katika zikri yao, nao walijua ni mwanamke.

Si kila mtu aliridhika. Tarehe 29 Januari 1901, katika kijiji cha Behima, Isabelle alikuwa ameketi pamoja na watu wa sheikh wake, ameinamia barua aliyokuwa akimsomea mtu mmoja. Mwanamume aitwaye Abdallah bin Mohamed akatoka nyuma na kumpiga panga la kichwa. Waya wa kuanikia nguo uliokuwa juu yake ulilizuia panga. La sivyo angekufa palepale. Mapigo yaliyofuata nusura yaukate mkono wake wa kushoto. Abdallah alikuwa mfuasi wa Tijania, tarika iliyokuwa na mashindano na Kadiria, naye alidai kuwa ametumwa na Mungu. Miongoni mwa makosa aliyomhesabia Isabelle ni zile nguo za kiume.

Kesi ilisikilizwa na mahakama ya kijeshi mjini Constantine mwezi wa Juni. Walipomwuliza Isabelle sababu ya kuvaa kiume, alijibu kwa ufupi kwamba nguo hizo zinafaa kwa kupanda farasi. Nimelifikiria sana jibu hilo. Lilikuwa kweli, na lilificha kila kitu. Abdallah alihukumiwa kazi ngumu maisha. Isabelle, mkono wake ungali mbovu, alikuwa amekwisha msamehe hadharani na akamwombea apunguziwe. Hukumu ikashushwa ikawa miaka 10. Yeye aliyepigwa, serikali ikamfukuza nchini. Wafaransa hawakuweza kumvumilia mwanamke wa Ulaya anayekaa chini na Waarabu kama sawa yao.

Alikuwa amekwisha wahi kuvuka bahari kwenda Marseille kwa nguo za kibarua wa Kizungu, akijiita Pierre Mouchet. Huko sasa akakaa katika umaskini, akimngoja Slimane. Tarehe 17 Oktoba 1901 walioana mbele ya serikali. Siku hiyo alivaa gauni. Kwa kuwa Slimane alikuwa na uraia wa Ufaransa, mke naye akaupata, na mlango uliofungwa ukafunguka. Mwezi wa Januari 1902 walikuwa tena Algeria. Akawa mwandishi wa gazeti la Akhbar, lililoendeshwa na Victor Barrucand, akieleza maisha ya maskini wa Kiarabu walionyang'anywa ardhi.

Nisimpambe kupita kiasi. Alisali na kufunga, lakini alikunywa pombe na kuvuta bangi, na mwili wake ulidhoofika kwa homa na kwa mambo hayo. Tena katika miaka ya mwisho alifanya urafiki na Jenerali Lyautey, aliyekuwa akisukuma mpaka wa Wafaransa kuelekea Moroko, na akawa daraja baina yake na masheikh wa mpakani. Wako Waalgeria ambao hawajamsamehe kwa hilo, na mimi nikisoma sehemu hiyo hufunga kitabu kwa muda. Huenda aliamini kwamba ataleta amani. Mkoloni hutumia hata imani njema ya watu.

Majira ya joto ya mwaka 1904 aliyapitisha katika zawiya ya Kenadsa, amelala chini akitetemeka kwa homa, anaitwa Si Mahmoud na watumishi na wanafunzi. Alirudi Ain Sefra akalazwa hospitali. Kabla hajapona alitoka, kwa kuwa Slimane alikuwa amekuja, nao walikodi nyumba ya udongo upande wa chini wa mji, karibu na mkondo wa mto mkavu. Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba mvua iliyonyesha milimani ilishuka kama ukuta. Slimane aliokoka, alifariki mwaka 1907. Isabelle alipatikana baada ya siku kadhaa chini ya boriti na matope ya nyumba ile. Ndani ya jangwa alilolipenda, aliuawa na maji.

Katika dini yetu sanda nayo ina jinsia: nguo tatu kwa mwanamume, tano kwa mwanamke, na dua ya jeneza ina neno la mume na neno la mke. Nikifika hapa katika maisha yake, wivu wangu wote huondoka na nabaki na huruma. Lyautey aliamuru azikwe kwa taratibu za Kiislamu katika makaburi ya Sidi Boudjemaa. Askari walichimbua matope wakatafuta karatasi zake. Nyingi zilipatikana zimeloa. Barrucand alizitengeneza kwa namna yake, akazitoa kitabu mwaka 1906 na kutia jina lake kando ya jina la marehemu. Kaburini liliwekwa jiwe la marumaru. Kwa Kifaransa limeandikwa jina alilozaliwa nalo, na kwa Kiarabu lile alilojichagulia.