Ananda Coomaraswamy, Aliyezitafutia Sanamu Asili Yake

Murti ya hekaluni ina watu wa kuisemea. Wazee wetu wanajua ilikotoka na ni lini iliwekwa wakfu. Sanamu iliyomo katika kabati la makumbusho mara nyingi haina msemaji. Katika kitabu hiki cha maadhimisho tumeona vema tumkumbuke mtu aliyejitwika kazi ya kuzisemea.

Ananda Kentish Coomaraswamy alizaliwa Colombo, Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, tarehe 22 Agosti 1877. Baba yake alikuwa Mtamil wa dini ya Kihindu, na mama yake Mwingereza. Baba alifariki mwaka 1879, na mtoto akalelewa Uingereza. Huko alisomea elimu ya miamba, kisha akarejea kuongoza uchunguzi wa madini ya Ceylon kuanzia 1903 hadi 1906. Ndipo moyo wake ulipovutwa na kazi za mafundi wa kisiwa hicho.

Mwaka 1914 alitoa kitabu kuhusu sanamu za shaba za Ceylon, hasa zilizohifadhiwa katika Makumbusho ya Colombo. Humo alizichunguza sanamu za Kibuddha bega kwa bega na zile za miungu yetu. Mwaka 1917 alihamia Makumbusho ya Sanaa ya Boston, Marekani, akazitunza na kuziorodhesha kazi za India hadi alipofariki tarehe 9 Septemba 1947.

Kazi hiyo ina ugumu wake. Sanamu ndogo ya Buddha hubebeka kwa urahisi. Mahujaji walivuka nayo milima na bahari, hivyo mahali ilipookotwa si lazima pawe ndipo ilipotengenezwa. Mjuzi husoma mikunjo ya vazi, kiti cha yungiyungi, na maandishi yaliyochongwa chini. Huitazama na shaba yenyewe: sanamu nyingi za Nepal ni za shaba nyekundu iliyopakwa dhahabu, ilhali nyingi za Kashmir ni za shaba ya manjano, na baadhi zimetiwa fedha machoni. Siku hizi hata udongo uliosalia ndani tangu siku ya kumiminwa hupimwa, nao huweza kudokeza nchi ulikochimbwa.

Mwaka 1927 Coomaraswamy alipinga rai kwamba umbo la Buddha lilitokana na sanaa ya Kiyunani. Alionyesha kwamba mafundi wa Mathura walikuwa na mizizi yao wenyewe, katika sanamu za kale za yaksha.

Hata hivyo, mkusanyiko wake mwenyewe ulinunuliwa na tajiri mmoja, ukabaki Boston, mbali na mikono iliyouunda. Nasi tusingoje mjuzi wa kesho akisie. Tunaziomba familia zote ziandike, wazee wangali hai, kila murti ilitoka wapi, iliundwa na nani, na ilifikaje kwetu.