Jules Bordet, Mbelgiji aliyeazima damu ya simbilisi

Leo nawaletea mzee mmoja ambaye vitabu vyangu vya baiolojia vya sekondari havikumtaja kabisa. Jules Bordet alizaliwa 1870 mjini Soignies, Ubelgiji. Alikuwa daktari akiwa na miaka 22 tu, na 1894 akaenda Paris, Taasisi ya Pasteur.

Ilishajulikana kwamba seramu, yaani yale maji yanayobaki damu ikiganda, ya mnyama aliyechanjwa inaua vijidudu vya kipindupindu. Mwaka 1895 Bordet akaipasha hadi nyuzijoto 55, ikaacha kuua. Akaongeza seramu mbichi kidogo ya mnyama ambaye hajachanjwa, nguvu ikarudi! Kumbe wanaopiga kazi ni wawili. Kingamwili inastahimili joto hilo na inamjua adui wake tu. Mwenzake, siku hizi anaitwa komplementi, joto linammaliza, ila hachagui adui.

Hapo ndipo utamu ulipo. Komplementi ya mnyama mmoja inaweza kushirikiana na kingamwili ya mnyama wa aina nyingine kabisa. Maabara zikazoea mchanganyiko wa kuchekesha: seli nyekundu za kondoo, kingamwili ya sungura, komplementi ya simbilisi (wale wanaofugwa kama sungura ila masikio mafupi).

Mwaka 1901 yeye na Octave Gengou wakafungua njia ya kupimia magonjwa kwa hilo. Unapasha seramu ya mgonjwa ili komplementi yake ife, unatia kijidudu unachokishuku na komplementi ya simbilisi. Kama mgonjwa ana kingamwili, komplementi inatumika yote, na seli za kondoo zinazowekwa baadaye hazipasuki. Zikipasuka, hana.

1906 Wassermann na wenzake wa Ujerumani wakatumia njia hiyo kupima kaswende, na dunia nzima ikakiita kipimo cha Wassermann. Hapo mimi naona mzee alidhulumiwa, ingawa Nobel ya 1919 alipewa. Jina lake limebaki kwa Bordetella, bakteria wa kifaduro. Alifariki Brussels 1961, miaka 90.

Ila kuazima kuna mipaka, na hili si mchezo. Kwenye kupima chanjo za homa ya uti wa mgongo, komplementi ya sungura mchanga huua bakteria kirahisi kuliko ya binadamu, maana bakteria yule hujificha nyuma ya protini yetu, siyo ya sungura. Chanjo inaweza kuonekana kali kuliko ilivyo. Wadau wa maabara, nyie mngeamini ya nani? Tupieni maoni hapo chini.